Uzoefu wangu: watu wa odi ya umeme kwenye kiwanda chetu, Lubumbashi

Bandugu wa maintenansi, wengi mmeniuliza kama watu wa odi ya umeme (wale wanaopima umeme unapotea wapi) wanafaa, haya naandika. Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda kikubwa cha unga wa mahindi hapa Lubumbashi, moteri kila kona, na fakitire (bili) ya umeme ilikuwa inamtesa mama wa kontabilite kila mwezi mpaka wakubwa wakaita kabine moja, yaani kampuni ya odi, ije ipime (jina siliweki).

Kilichonifurahisha kwanza, hawakuja kuuza kitu. Walikuja na mashine ya kurekodi wakaifunga kwenye tablo kubwa (sanduku la kugawa umeme) chini ya transfo, ikakaa pale mchana na usiku hadi wikendi ipite, njo tukaona kwamba hata Jumapili vinu vyote vimezimwa bado tunakula umeme mwingi. Unaenda wapi? Kompresa, mashine ya kushindilia hewa! Inajaza hewa, hewa inatokea kwenye matundu, inajaza tena. Tulipita laini yote, ukisimama karibu na rakori (kiungo cha mabomba) unasikia sss, fundi wao anapaka maji ya sabuni na povu linavimba palepale mbele ya macho yako. Tundu la milimita 3 tu, kwa presha ya bar 7, linaweza kula karibu kilowati 3 au 4 bila kupumzika. Tukabadilisha rakori na mipira, halafu presha tukaishusha bar moja maana hakuna mashine iliyohitaji ile ya juu, na kila bar unayoshusha inapunguza kama asilimia 7 ya umeme wa kompresa. Gharama yake ndogo sana jamani, anzeni hapo.

Kwenye feni za kunyonya vumbi tulikuwa tunabana hewa kwa klape (kifuniko ndani ya bomba) huku moteri inazunguka mwendo wote. Wakaweka varyateri, kifaa cha kubadilisha mwendo wa moteri. Feni ukiipunguza mwendo hadi asilimia 80, umeme inaokula unashuka hadi karibu nusu, kwa sababu 0.8 x 0.8 x 0.8 ni 0.51, nimepima mwenyewe na pensi ya ampere (kipimo cha kubana waya) nikaona ni kweli. Ila tafadhali msishushe ovyo, hewa ikiwa dhaifu vumbi la unga linalala ndani ya bomba, na vumbi la unga linalipuka, watu watakufa.

Nyota moja naipunguza kwa sababu ya kondansateri, vifaa vya kurekebisha kosfi. Kosfi ni sehemu ya mzigo wa transfo inayofanya kazi kweli; yetu ilikuwa 0.7, yaani kilowati 700 za kazi zinaibebesha transfo mzigo wa kVA 1000, ukifika 0.95 inabaki kama 737 na kazi ni ileile, hapo sina shida. Shida ni kwamba deviz yao (karatasi ya bei) ilikuwa na kondansateri za kawaida bila self (koili) za kuzuia harmoniki, yaani mawimbi machafu ya umeme, wakati wao wenyewe wametoka kutufungia varyateri zinazotoa hizo harmoniki! Zingepata moto na kuvimba. Niliwauliza mbele ya shefu, wakarekebisha, bei ikapanda, na mimi naona walipaswa kusema tangu mwanzo.

Fakitire imeshuka vizuri, na umeme ukikatika grupi yetu (jenereta) inachoma mazuti kidogo kuliko zamani, kwa hiyo natoa 4 kwa 5 na ningewaita tena. Ukiwaita watu wa kazi hii, dai kwenye kontra warudi kupima tablo ileile baada ya kazi, na wawafundishe waendesha mashine kwa Kiswahili, maana ripoti yetu ilikuja Kifaransa kitupu na wale wanaogusa klape kila siku hawajaisoma mpaka leo.