Mpira wa kukalia wa wajawazito: mgongo umepona, lakini haumgeuzi mtoto

Mpira huu, ule mkubwa wa mazoezi, niliununua Kariakoo kwa shilingi 45,000, pampu imo ndani ya boksi. Mimba yangu ilikuwa imeingia mwezi wa nane, na kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima, basi jioni kiuno kilikuwa hakishikiki. Muuzaji akanihakikishia: "Dada, huu unamgeuza mtoto ndani ya wiki." Wengi wanaununua kwa ajili ya maneno hayo, kwa hiyo nitayafikia.

Kwanza mpira wenyewe. Kuna wa sentimita 55, 65 na 75. Mimi nina urefu wa sentimita 168, nikachukua wa 65. Kipimo chenyewe ni ukishaukalia: nyayo zikanyage chini zote, nyonga ziwe juu kidogo kuliko magoti. Magoti yakipanda, ongeza upepo. Yakiendelea kupanda, huo ni mdogo kwako. Ngozi yake ni nene na sijaona ufa. Kizibo ndicho kibovu. Kinalegea, upepo unatoka polepole, na ukikaa siku chache bila kuujaza unajikuta umezama. Kwenye marumaru unateleza vibaya, kwa hiyo mimi nautandikia mkeka na kuusogeza ukutani. Mwanzoni mume wangu alikuwa ananishika mkono ninapokaa, na nawashauri wote mfanye hivyo. Soksi vua.

Ninachokipenda zaidi si kuukalia. Napiga magoti juu ya mto, naulalia mpira kwa kifua na mikono, tumbo linabaki huru, kisha nazungusha nyonga taratibu. Ule uzito unaovuta kiuno unaachia hapo hapo, na pumzi inashuka vizuri. Mama mkwe aliponikuta hivyo akasema, "Mwanangu, sisi tulikuwa tunapiga deki." Ni kweli, mkao ni ule ule wa kuinamia mbele.

Sasa hilo la kugeuza. Mkao mzuri ni kichwa chini, kidevu kimeinamia kifuani, mgongo wa mtoto ukiwa upande wa mbele wa tumbo la mama. Mgongo wake ukiwa upande wa mgongo wako, uchungu unaweza kuwa mrefu na kiuno kikauma sana. Wanaosifia kuinama wanasema mgongo wa mtoto ni mzito, utavutwa mbele wenyewe. Inaingia akilini. Lakini Australia waliwafuatilia wajawazito zaidi ya 2,500 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004: baadhi walipiga magoti na mikono na kutikisa nyonga kila siku kuanzia wiki ya 37, wengine hawakufanya hivyo. Mikao ya watoto wakati wa kuzaliwa haikutofautiana. Wengi wa watoto hao wenye mgongo nyuma hujizungusha wenyewe uchungu ukishaanza.

Na kama mtoto ametanguliza matako, tafadhali mama mwenzangu, usikae nyumbani ukisubiri mpira. Wangu alikutwa kichwa chini kliniki ya wiki ya 36 na siupi mpira sifa hiyo, maana watoto wengi huwa wameshageuka wenyewe kufikia hapo. Ambaye hajageuka, daktari anaweza kumgeuza kwa mikono kupitia juu ya tumbo, karibu na wiki ya 37, hospitalini, utrasaundi ikiwepo na chumba cha upasuaji kikiwa tayari. Hufanikiwa kama nusu ya mara. Kukandwa tumbo na mtu wa mtaani ili amgeuze, hapana kabisa: kondo linaweza kubanduka, ukampoteza mtoto na wewe mwenyewe ukawa hatarini. Na kama umewahi kutokwa damu au umeambiwa kondo liko chini, muulize mkunga wako kabla ya kuanza mazoezi yoyote.

Naupa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa kizibo na kwa ile ahadi ya dukani. Ukienda kununua, waombe waujaze upepo pale pale, ukalie kwanza, angalia magoti yako, ndipo utoe hela.