Kliniki ya masikio, pua na koo hapa kwetu Kwale: uzoefu wangu

Mtoto akitoka usaha sikioni, huku kwetu njia zilikuwa mbili: kumtilia mafuta ya nazi ya vuguvugu, au kuvuka feri ya Likoni kumtafuta daktari bingwa Mombasa. Sasa hospitali moja ya kaunti ndogo ina kliniki ya masikio, pua na koo, siku moja kwa wiki. Nimempeleka binti yangu wa miaka 8.

Anayehudumu pale si daktari bingwa. Ni afisa wa kliniki aliyerudi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kusomea stashahada ya juu ya fani hii. Kwenye foleni wapo walioguna waliposikia hivyo. Mimi sioni tatizo. Sikio linalotoa usaha halianzi na kisu, linaanza na mtu anayejua kulitazama.

Na alilitazama. Alilivuta juu na nyuma kidogo, akaingiza kifaa chenye taa, kisha akaniita nami nichungulie: ngoma ya sikio ina tundu. Akachukua chuma chenye meno mawili, akakigonga kwenye kiwiko chake kikavuma, akakiegesha kwenye mfupa nyuma ya sikio, halafu akakileta mbele ya sikio. “Wapi kinalia zaidi, mwanangu?” Mtoto akagusa mfupa. Maana yake, akanieleza, neva ya kusikia yaelekea ni nzima, sauti ndiyo inakwama njiani. Nilishusha pumzi, maana shuleni mwalimu alikuwa keshamwita mtoto mwenye kiburi, eti akiitwa haitiki.

Tiba yenyewe inataka subira. Unasokota pamba safi kama utambi, unaiingiza taratibu inyonye usaha, unaitoa, unaweka nyingine, hadi itoke kavu. Hapo ndipo matone ya siprofloksasini yanaingia, na unabonyeza kile kinyama cha mbele ya sikio ili dawa ishuke. Alinifanya nisokote mwenyewe mbele yake mpaka akaridhika. Akanionya pia kuhusu kununua matone yoyote tu dukani: yenye gentamisini yanaweza kudhuru sikio la ndani ngoma ikiwa imetoboka. Kuoga, aweke pamba yenye vaselini. Baharini asiingie kabisa, na hilo ndilo lililomliza.

Usaha umekauka, na darasani sasa anaitika.

Kasoro zipo. Matone hayakuwepo kwenye duka la dawa la hospitali, nikanunua nje. Mhudumu ni huyo mmoja, akienda semina mlango unafungwa na hakuna anayekuarifu. Mashine ya kupima usikivu hakuna. Na tundu lisipojifunga lenyewe, upasuaji wa kuziba ngoma ni Mombasa, kwa hiyo feri bado tunayo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba watu wapatao milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza usikivu, na karibu asilimia 80 wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Ukikaa kwenye lile benchi, katikati ya watoto wenye usaha na mmoja aliyejitia haragwe puani, huna haja ya kushawishiwa.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ukienda, piga simu kwanza uulize kama yupo, fika asubuhi mapema, na usimtie mtoto mafuta: sikio likijaa mafuta, ngoma haionekani na utaambiwa urudi wiki ijayo.