Tathmini ya ziara ya siku mbili kwenda kuwaona choroa wa Al Wusta, Oman

Kwa yeyote anayeishi Maskati na anayefikiria kwenda kuwatazama choroa wa Arabuni katika hifadhi ya mkoa wa Al Wusta, napenda kueleza ziara niliyoinunua kwa kampuni moja ya utalii, ambayo sitaitaja jina. Gari lilikuwa zima, dereva alikuwa makini na chakula cha njiani kilitosha. Kasoro ilikuwa kwenye kipeperushi, kilichoahidi choroa wanaozurura huru jangwani, ilhali wote tuliowaona walikuwa ndani ya uzio.

Uzio huo una sababu, na ndiyo iliyopaswa kuelezwa kabla hatujalipa. Choroa wa mwisho wa mwituni waliuawa mwaka 1972. Kuanzia 1982, wanyama waliozalishwa chini ya uangalizi wa binadamu walirudishwa katika uwanda wa Jiddat al-Harasis, na kufikia 1996 walikuwa takriban 450. Kisha majangili wakawa wanawakamata ili kuwauza wakiwa hai, idadi ikaporomoka hadi 65, na mwaka 2007, baada ya serikali kupunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90, UNESCO ikaiondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hakuna mahali palipokuwa pamewahi kuondolewa kabla ya hapo. Kwa maoni yangu, lengo la uhifadhi linalopimwa kwa idadi ya wanyama peke yake lina upungufu mkubwa, kwa kuwa wale 450 hawakutuambia lolote kuhusu ardhi yao wala ulinzi wao.

Mwongozaji wetu wa huko, mzee wa kabila la Harasis, alilijua hilo vizuri. Alfajiri alitushusha garini, akainamisha tawi la mgunga na kutuonyesha matone ya ukungu uliotoka Bahari ya Arabuni, huku mchanga chini ya mti ukiwa umelowa kiasi cha upana wa mkeka. Choroa hupata maji kutoka kwenye majani yenye unyevu kama huo, kwa hiyo mzee, alipoulizwa wapo wangapi, alianza kwa kueleza hali ya malisho. Saa ile moja ilistahili nauli yote, na nayasema haya nikiwa nimekaa kiti cha nyuma kwa mamia ya kilomita.

Naipa ziara nyota tatu kati ya tano. Nendeni kabla ya joto la Mei, bebeni darubini, na ulizeni mapema iwapo malipo ya mwongozaji wa huko yamo katika bei, maana sisi tulimlipa kando.