Wikendi tupu: gemu au riwaya ya mahaba na majini?

Gemu hula muda bila kupiga hodi. Unawasha Stardew Valley, gemu ya kilimo iliyotoka 2016, ukijiambia utamwagilia mboga siku moja tu. Siku moja ya ndani ya gemu ni dakika 14 hivi za kweli, na mchezo haujihifadhi mpaka mhusika wako alale. Basi unaongeza moja, kisha nyingine, hadi vidole vinakufa ganzi.

Riwaya haina haraka hiyo. Ukisinzia mkuu wa majini ndiyo kwanza kamshika binti mkono, kesho utamkuta palepale, hajauachia. Kero yake ni wapenzi kununiana kurasa 200 kwa jambo la kuulizana tu!

Mimi Jumamosi ni gemu. Jumapili kitabu, maana Jumatatu kuna kazi, ingawa sura za mwisho zimeshanikesha mara nyingi.