Walikata neno langu kwa kalamu

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa, leo naitoa. Nilikwenda kutafuta ushauri nasaha baada ya ligamenti ya goti kukatika mara ya pili na daktari kuniambia mbio basi. Mapokezi nikapewa fomu. Jina, umri, kazi. Kwenye kazi nikaandika "mwanariadha", kama ninavyoandika tangu nina miaka 16.

Dada wa mapokezi akaisoma, akautazama mguu wangu. "Si umesema umeshaacha?" Sijajibu, akachukua kalamu, akalikata lile neno kwa mistari miwili, juu yake akaandika: "Hana kazi." Mbele ya macho yangu! Akagonga muhuri, akaniambia nisubiri.

Jamani, mahali panapojinadi kuwasaidia wanamichezo walioachishwa na maumivu, ndipo unafutwa hata hujakaa? Mikono ilinitetemeka. Nilipania kuandika neno moja tu: msiende.

Lakini sitasema uongo, mshauri mwenyewe kazi anaijua. Hakuniambia nitapata mchezo mwingine. Alinieleza kwamba mtu akijijua kwa jambo moja tu tangu utotoni, likiondoka hubaki hajui yeye ni nani, na anayestaafishwa na jeraha mara nyingi huumia zaidi kwa kuwa siku hakuichagua yeye. Akanitajia Michael Phelps, yule mwogeleaji wa Marekani: medali 28 za Olimpiki, na bado alikiri hadharani kwamba baada ya michezo ya London 2012 hakutaka tena kuishi. Nililia palepale. Miezi yote ile nilidhani ni mimi tu niliye dhaifu.

Kikao cha tatu akaniuliza naamka saa ngapi. Saa kumi na moja alfajiri, nikasema, mpaka leo, halafu nakaa kitandani nimeshika viatu vya mbio. Hakuniambia nivitupe. Alisema nivivae, nitembee nusu saa, bila saa mkononi. Natembea.

Kwa hiyo mshauri nampa alama zote. Na kituo? Kila nikiingia faili linafunguliwa, na ukurasa wa kwanza ni ile mistari miwili. Nimeomba fomu mpya, nikajibiwa, "Ni karatasi tu, kaka." Karatasi tu! Basi hapana, kituo sikisifii hata kidogo. Kikao kijacho nitakwenda, ila sikai kwenye kiti mpaka fomu ile iandikwe upya.