Mtoto wa Tumbili au Mtoto wa Paka?

Waumini wa Sri Vaishnava, madhehebu ya Kihindu ya Kusini mwa India, humwabudu mungu Vishnu pamoja na mkewe Lakshmi. Wote hufuata mafundisho ya mwanafalsafa wao Ramanuja: roho ni kama mwili wa Mungu, si Mungu mwenyewe, wala haitengani naye. Walichotofautiana, wakawa matawi mawili, ni hiki: mtu akijisalimisha kwa Mungu, anabakiwa na kazi yoyote?

Tawi la Vadakalai, wanaomfuata mwalimu Vedanta Desika, hujibu kwamba ipo. Mtazame mtoto wa tumbili. Anayeruka ni mama, lakini mtoto asipong'ang'ania manyoya ya tumboni, ataanguka.

Tawi la Tenkalai, wafuasi wa mwalimu Pillai Lokacharya, wanakutajia paka. Humbeba mtoto kwa meno, ukosini, naye kalegea tu, miguu inaning'inia. Kwao, hata kule kujisalimisha si malipo ya wokovu, neema hutangulia.

Mimi moyo wangu uko kwa paka, kwa sababu namfikiria mgonjwa asiyeweza tena hata kunyanyua mikono aombe. Hata hivyo hoja ya Vadakalai ni nzito: kama mtu hatoi chochote, hata sababu ndogo tu ya kuokolewa, kwa nini huyu aokolewe na yule aachwe?

Kuhusu Lakshmi, Vadakalai humwona mwokozi sawa na mumewe. Tenkalai humwona mwombezi. Tofauti za matawi haya zimefika hadi usoni: alama ya Vadakalai kwenye paji ni kama herufi U, ya Tenkalai ni kama Y, mguu wake ukishuka hadi puani.