Kihisi cha kupima nafaka kwenye kihenge: ununue kipi, na kifungwe wapi

Malalamiko ya wenye vinu yanayonifikia yanafanana: simu inaonyesha kihenge kina mahindi ya wiki nzima, kumbe mashine inasaga upepo. Ukiuliza kihisi kimefungwa wapi, unaambiwa pembeni, kwenye tundu lililokuwapo tayari.

Mambo ya betri na programu ya simu siyagusi, yamejaa kwenye vipeperushi. Wasichokwambia ni kwamba nafaka hailali sawa kama maji. Mahindi makavu yakimwagwa katikati hujijenga kilima chenye mteremko wa nyuzi 23 hivi. Yakitolewa chini, katikati hubonyea na kuwa shimo. Chukua kihenge cha kipenyo cha mita 10, mahindi ya kilo 720 kwa kila mita ya ujazo. Kilima hicho kina kimo cha mita 2 na ushei. Kihisi kinachosomea ukutani kitakupunja tani 40 hivi, yaani magunia 400 ya kilo 100. Ukianza kutoa na shimo likatimia, kihisi hichohicho kitakuzidishia karibu kiasi kilekile. Ndiyo maana mashine inasaga upepo.

Kwa kihenge kinachojazwa na kutolewa katikati, tundu la kihisi, juu kwenye paa, linatakiwa kuwa sehemu moja ya sita ya kipenyo kutoka ukutani. Kwenye mita 10, ingia ndani kama mita 1.7. Kimo cha hapo ndicho wastani wa kilima chote, na wa shimo pia. Fundi akikataa kutoboa bati, tafuta mwingine.

Sasa chaguo. La kwanza ni rada ya gigahezi 80, kihisi kinachopima kimo kwa mawimbi ya redio, na sifichi, mimi ni wa kampuni ya VEGA ya Wajerumani. Mwale wake ni mwembamba, hauhangaiki na ngazi ya ndani, na vumbi haliusumbui. Bei inauma, lakini piga hesabu ya magunia 400.

La pili ni timazi ya umeme: uzito unashuka na waya mpaka uguse nafaka, kisha unapandishwa. Kwa anayehesabu mzigo asubuhi tu inatosha. Usiishushe wakati wa kujaza, itafukiwa.

La tatu ni kwa mwenye nyaya za kupimia joto tayari, zile zinazoning'inia ndani ya kihenge zikiwa na vihisi vya joto. Joto la kihisi kilicho hewani hupanda na kushuka na jua, la kilichofukiwa hutulia, na mpaka wa nafaka uko kati yao. Vihisi vikiachana mita mbili, makisio nayo yanayumba mita mbili.

Vya bei chee vya mawimbi ya sauti viache kwenye matangi ya maji. Vumbi la kujazia linameza mwangwi.

Halafu nyie wauzaji. Bei "njoo inboksi". Mtu akija, mnamuuliza kwanza ana vihenge vingapi, ndipo bei ipangwe. Ada ya mwezi mnaitaja baada ya kufunga, na asipolipa, mahindi yake mwenyewe hayaoni tena kwenye simu. Atakayeandika bei hadharani, kwa shilingi, na kazi ya kutoboa ikiwa humohumo, nitamtaja hapa bure.